Tuanze ndani ya geti: makampuni na haki za watoto wa Pwani

Kila ifikapo Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, makampuni ya hapa Pwani huwakumbuka watoto. Mahema husimamishwa kwenye uwanja wa shule, fulana huchapishwa, meneja hukabidhi hundi kubwa ya karatasi ngumu, na watoto waliosimama juani tangu saa mbili asubuhi hupewa kila mmoja mkoba wenye nembo ya kampuni. Picha hupigwa, na jioni ziko mitandaoni. Mwezi wa Ramadhani nao huja na vifurushi vya futari, na nembo ni ile ile.

Sina ugomvi na mikoba. Mzazi mwenye watoto watano shuleni akipunguziwa gharama ya madaftari na sare, amepumua. Linalonitia shaka ni jina linalopewa shughuli hiyo. Siku hizi inaitwa "ushirikiano wa sekta ya biashara katika kukuza haki za watoto". Wazee wetu walikuwa na maneno mawili ambayo hawakuyachanganya, hisani na haki. Hisani hutolewa na mwenye nacho akipenda, na asipopenda hakuna wa kumuuliza. Haki hudaiwa, na anayeizuia ana deni hata akiwa mkarimu kiasi gani. Kampuni yaweza kutoa hisani kubwa nje ya geti lake ilhali ndani ya geti inadaiwa haki na watoto wale wale iliopiga nao picha.

Na hili halikutungwa na waandishi wa Pwani wenye chuki na matajiri. Mwaka wa 2012, UNICEF, shirika la Save the Children na mpango wa Umoja wa Mataifa unaoshughulika na makampuni, Global Compact, walitoa kanuni 10 kuhusu haki za watoto na biashara. Ukizisoma kwa utaratibu utaona mpangilio wake. Zinaanza na kampuni kuheshimu haki za watoto katika kazi zake zote. Zinafuata kukomesha ajira ya watoto, kazi ya staha kwa vijana na kwa wazazi, usalama wa watoto katika majengo na shughuli za kampuni, bidhaa salama, matangazo yasiyodhuru, mazingira na ardhi, mienendo ya walinzi, na hali za dharura. Kuzisaidia jamii na serikali katika juhudi zao, yaani kule tunakopata mikoba, ni kanuni ya 10, ya mwisho. Sisi huku twaanza na ya 10 na kuishia hapo hapo.

Sheria yetu nayo haikuwaacha nje wafanyabiashara. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao, matibabu, na kulindwa dhidi ya dhuluma na kazi za kinyonyaji. Wengi wetu hudhani huo ni mzigo wa serikali peke yake. Lakini Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawabana watu wote, na Kifungu cha 260 kinaeleza kwamba neno "mtu" ni pamoja na kampuni. Kwa hivyo kiwanda cha Miritini na hoteli ya Diani ni "mtu" mbele ya Katiba, sawa na mimi na wewe.

Anayetaka kujua inakuwaje kampuni ikisahau hilo, asisafiri mbali. Aende Owino Uhuru, mtaa ulio karibu na Mikindani hapa Mombasa. Mwaka wa 2007 palianza kazi kiwanda cha Metal Refinery (EPZ), kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi. Kiwanda na nyumba za watu vilitenganishwa na ukuta tu. Moshi ulitua juu ya mabati ambayo watu hukingia maji ya mvua, na maji machafu ya kiwanda yakapita mtaroni, mahali watoto wanapocheza. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo kushughulikia uhusiano wa kiwanda na jamii, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaiacha kazi, akasimama na wenyeji, akakamatwa, akatishwa, asinyamaze. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Sumu ya risasi haimtendei mtoto kama inavyomtendea mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima. Hushambulia ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia darasani, na madhara yake kwenye akili hayarudi nyuma. Mtoto wa namna hiyo ukimpa mkoba na penseli 12, umempa vitu vya kwendea mahali ambapo tayari amekwisha kupunguziwa uwezo wa kufaidika.

Fuateni safari ya kesi yenyewe. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, ikazishika kwa pamoja kampuni na taasisi za serikali zilizopaswa kuzisimamia, NEMA ikiwemo. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu ni rahisi: mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu ya mwisho. Utoto wake wote umeishia mahakamani.

Kwangu mie, funzo zito la kesi ile liko pale mahakama ilipoitaja serikali pamoja na kampuni. Tunapozungumza juu ya "ushirikiano" twawaweka meza moja wafanyabiashara, mashirika na maafisa wa serikali, wote wakiwa marafiki. Ni vizuri watu wazungumze. Ila afisa ambaye kazi yake ni kupima moshi na maji ya kiwanda, akiwa ndiye mgeni wa heshima siku ya mikoba, Jumatatu atapima kwa jicho gani? Ushirikiano usioacha nafasi ya mmoja kumwambia mwenzake "funga kiwanda" hauwalindi watoto.

Sasa tuje ufuoni, maana huko ndiko tulikoishi na jambo hili miaka mingi, na twalijua zaidi ya tunavyolisema.

Mwishoni mwa 2006, Serikali na UNICEF walitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono na dhuluma za kingono dhidi ya watoto wa Pwani. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, walikuwa wakitumiwa kwa ngono ya malipo ya hapa na pale katika maeneo ya Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Hiyo ilikuwa sawa na hadi asilimia 30 ya wasichana wa umri huo maeneo hayo. Watu walishtuka, wengine wakakasirika kwamba Pwani imechafuliwa jina. Lakini lipo jambo moja katika ripoti ile ambalo vikao vyetu vililipita haraka: karibu wanne katika kila wanunuzi kumi walikuwa Wakenya. Mtalii wa kizungu ni rahisi kumnyooshea kidole. Huyu wa pili ana gari la kazi, anajulikana na chifu, na huenda yumo katika kamati ya kitu fulani.

Miaka hiyo hiyo hoteli kadhaa za Pwani zilitia saini maadili ya kuwalinda watoto katika utalii, yale yanayoitwa The Code, yaliyoanzia Sweden mwaka wa 1998. Hoteli inayotia saini inaahidi mambo sita: kuwa na sera, kuwafunza wafanyakazi, kuweka kipengele cha kuwalinda watoto katika mikataba na wanaoiletea wageni na bidhaa, kuwaarifu wageni, kushirikiana na wadau wa mahali pale, na kutoa ripoti kila mwaka. Huu ndio ushirikiano wa kweli, kwa sababu unagusa biashara yenyewe: mapokezi, vyumba, geti, mikataba. Hakuna mkoba hata mmoja ndani yake. Tena sheria iko nyuma yake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa anayefanikisha utalii wa ngono na watoto kifungo kisichopungua miaka 10, na ikiwa ni kampuni, faini isiyopungua Sh2 milioni.

Basi kwa nini mambo yangali yanaendelea? Watu husema ni umaskini, ni kuporomoka kwa maadili, ni wazazi. Yote yamo. Lakini kuna sababu moja isiyosemwa katika semina za hotelini, nayo ni mkataba wa yule mfanyakazi anayefunzwa.

Tazama anayeona. Si mkurugenzi aliyetia saini. Ni askari wa getini wa zamu ya usiku, ni mpokezi, ni mhudumu wa vyumba anayebadilisha mashuka asubuhi. Wengi wao ni vibarua wa msimu. Wanaandikwa watalii wanapojaa Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi, na masika yakinyesha wanaambiwa wakae nyumbani hadi wapigiwe simu. Hana kinga, mara nyingi chama cha wafanyakazi hakimjui, na simu hiyo ndiyo riziki yake. Sasa mtu huyu amwone mgeni mzito, anayerudi kila mwaka na kuacha bahashishi nono, akipanda ngazi na msichana wa umri wa shule. Semina imemwambia aripoti. Tumbo lake, na la wanawe wanne, linamwambia nini? Akiripoti na mgeni akahamia hoteli jirani, nani atampigia simu Julai?

Hapo ndipo haki ya mtoto asiye wake inapofungwa katika karatasi yake ya ajira. Mfanyakazi mwenye mkataba wa kudumu, anayejua hawezi kufutwa kwa kusema kweli, ni mlinzi bora wa watoto kuliko mabango 20 ukutani. Hali kadhalika, baba ambaye mshahara wake hausimami miezi mitatu ya masika hana haja ya kumruhusu bintiye "akatembee ufuoni" wala kujifanya haoni simu mpya iliyotoka wapi. Ndiyo maana kanuni zile za 2012 zikaiweka kazi ya staha ya wazazi katika nambari ya tatu, juu kabisa ya misaada. Hoteli inayotaka kutuambia inashirikiana na watoto itueleze kwanza: katika wafanyakazi wako, wangapi ni wa kudumu, na aliyeripoti mara ya mwisho yuko wapi leo?

Na hata hoteli zote zikinyooka, tatizo limekwisha hama. Sehemu kubwa ya wageni siku hizi hawafikii hotelini. Wanakodi nyumba mtandaoni, Watamu, Malindi, Mtwapa, Diani; anayewafungulia mlango ni mlinzi au kijana aliyeachiwa funguo. Hakuna mapokezi, hakuna anayeuliza kitambulisho cha msichana anayeingia saa tano usiku. Nyumba hizo nyingine ni za wageni, lakini nyingi ni zetu, za ndugu na majirani walio Mombasa mjini au Ughaibuni. Mwenye nyumba akipokea pesa kwa simu hajui, au hataki kujua. Sheria ile ile ya 2006 inasema anayeruhusu kwa kujua mtoto abaki katika jengo lake ili adhulumiwe kingono ana miaka isiyopungua 10 gerezani. Wangapi kati ya wanaokodisha wamewahi kuambiwa hivyo siku ya kuchukua leseni? Kaunti zatoza ada ya leseni ya biashara kila mwaka, na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii nayo husajili malazi. Sharti la kumlinda mtoto lingeweza kuandikwa kwenye fomu hizo bila kuajiri hata karani mmoja zaidi.

Nihamie kwa akina mama wa viwandani, maana nao ni wengi. Ukipita Changamwe au Mazeras saa kumi na mbili asubuhi utawaona wakishuka kwenye matatu, wakiwahi viwanda vya EPZ kushona nguo za kwenda ng'ambo. Wengi wana watoto wachanga. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kuwa na chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi, na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Mahali ambapo chumba hicho hakipo, mtoto wa miezi minne anabaki mtaani, na mara nyingi anayebaki naye ni dada au binamu wa miaka 11 au 12, ambaye kwa haki angekuwa darasani. Watoto wawili wamepoteza haki zao kwa sababu ya chumba kimoja chenye kiti, sinki, jokofu dogo na pazia. Bei yake hailingani hata na ya hundi ile ya karatasi ngumu na chakula cha wageni wa siku hiyo.

Kwale wameonja jambo jingine. Base Titanium walichimba huko kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, wakafadhili masomo na miradi ya jamii, na wapo vijana waliosoma kwa fedha hizo. Hilo ni haki yao lisemwe. Lakini mchanga umekwisha, mashine zimenyamaza, na karo iliyotegemea mfuko wa kampuni haina tena mfuko. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, na kaunti asilimia 20. Fedha hizo si zawadi ya mtu. Zikifika kwa wakati na kusimamiwa vyema zaweza kumsomesha mtoto aliyezaliwa baada ya mgodi kufungwa. Watu wa Kwale wamezidai kwa miaka, na ningependa kuona mashirika yaliyokuwa mepesi wa kusimama jukwaani na kampuni yakiwa mepesi vile vile kudai hesabu hizo.

Nisije nikaonekana sioni zuri. Nambari 116, simu ya kuwasaidia watoto, haitozwi hata senti. Mtoto wa Ganze akiwa na simu ya jirani isiyo na salio anaweza kupiga usiku wa manane na akajibiwa. Bila kampuni za simu kukubali kutobeba faida katika simu hizo, jambo hilo lisingewezekana. Tazama tofauti: kampuni imetoa kile kile inachokiuza, kila siku ya mwaka, bila hema. Wenye matatu na tuktuk wangeweza kuibandika nambari hiyo ndani ya magari yao. Wenye maduka ya jumla wa Kongowea wanaoajiri watoto kubeba mizigo siku za shule wangeanza kwa kuwaambia waende darasani.

Hapo tunafika nyumbani kwetu, na najua baadhi ya wasomaji wataacha kusoma. "Sekta ya biashara" tukiisikia twamfikiria Mhindi wa kiwanda na Mtaliano wa hoteli. Lakini mwajiri mkubwa wa wasichana wadogo hapa Pwani hana kiwanda. Ni sisi, tunaoletewa kutoka bara ya Kilifi na Kwale mtoto wa miaka 13 "aje asaidie kazi", analala jikoni, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, na mshahara wake anatumiwa mjomba. Twamwita mtoto wa nyumbani, twampa nguo za Idi, na twajiona tumefanya wema. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi ya kufua, kupika na kulea kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku si nyepesi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imelifanya kosa kumwajiri mtoto kwa namna inayomzuia kwenda shule.

Nimesikia hoja kwamba akirudishwa kwao ataolewa au atalala njaa. Yawezekana, katika nyumba nyingine. Basi anayemtaka aishi naye amwandikishe katika shule ya mtaa, ambayo kwa Katiba ni ya bure, amruhusu kwenda madrasa jioni na wenzake, na kazi za nyumba amwajiri mtu mzima kwa mshahara wa mtu mzima. Muhula mpya ukifunguliwa, walimu wakuu wa shule za msingi za Kisauni, Majengo na Likoni wataandika majina ya wanafunzi. Mtoto wa namna hiyo anayeishi katika nyumba yako, jina lake litakuwemo?